Fokker Dr.I ya rimoti: hewani ni tamu, ikigusa nyasi inazunguka na kupiga pua. Nifanyeje?

TiaraNdefu

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa waliowahi kurusha ndege za mabawa matatu.

Nina modeli ya Fokker Dr.I, ndege ya kivita ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni ya balsa (mbao nyepesi), kipimo cha 1/6, bawa la juu lina upana wa mita 1.2. Nimeijenga kwa kufuata ramani. Mota ni ya umeme, betri ya lipo ya seli 4, na chaneli ni nne za kawaida: mota, eleroni (vipande vya bawa vinavyoilaza ndege), eleveta (kipande cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) na usukani wa mkiani. Hewani naipenda, ila haikubali kuachiwa hata kidogo. Nikiilaza kulia kwa eleroni, pua inavutwa kushoto kwanza ndipo ikubali kona.

Shida kubwa ni kutua. Naileta taratibu, nakata mota, inagusa kwa magurudumu na mkia kwa pamoja kama nilivyozoea kwenye ndege zangu nyingine. Inakimbia kidogo, halafu ghafla mkia unataka kupita mbele. Ncha ya bawa la chini inachimba nyasi, pua inagonga, propela imekwisha.

Mmoja kaniambia nisogeze magurudumu mbele. Mwingine kasema nibandike kipande cha mkia kisichosogea mbele ya usukani. Betri nimeisukuma mbele hadi mwisho, lakini nahisi mkia bado ni mzito. Sitaki kuiharibia sura, maana sura yake ndiyo iliyonifanya niijenge.

Swali la pembeni: nyekundu tupu ndiyo rangi sahihi? Bado sijapaka.

FundiMbavu

Mkuu, chukua picha yoyote ya Dr.I halisi uangalie chini ya ncha za bawa la chini. Utaona vijiti vya mbao vilivyopinda, kimoja kila upande. Viliwekwa pale kwa sababu ndege hii ilikuwa na kawaida ya kuzunguka ikitua na kuburuza bawa. Kwa hiyo modeli yako imerithi tabia ya mama yake, na ukishajua tabia hiyo imetoka wapi utaiweza bila kuikata wala kuiongezea kitu.

Anza na mkia. Dr.I haina kile kipande cha wima kisichosogea ambacho ndege nyingi huwa nacho mbele ya usukani. Usukani wenyewe, ule wa umbo la duara, ndio mkia wote wa wima, na unasogea mzima. Hakuna kitu kingine kule nyuma kinachoirudisha ndege kwenye mstari. Ongeza na hili: mwili ni mfupi. Ile halisi ilikuwa na urefu wa mita 5.77 na bawa la juu la mita 7.19. Mkia uko karibu, kwa hiyo nguvu yake ya kunyoosha pua ni ndogo. Sasa unatua kwa magurudumu na mkia pamoja, mota imekatwa. Pua iko juu, mabawa matatu na tumbo vinauzibia mkia upepo, na propela haipulizi. Usukani wako wakati huo ni kipande cha mbao tu. Uzito wa ndege uko nyuma ya magurudumu, na mkia ukiyumba kidogo, uzito huo unataka kupita mbele. Hakuna wa kuuzuia.

Ndiyo maana ushauri wa kusogeza magurudumu mbele naukataa kabisa. Utapunguza kupiga pua, ni kweli, lakini utakuwa umeuweka uzito mbali zaidi nyuma ya magurudumu, na kuzunguka kutazidi. Yaache pale ramani ilipoyaweka.

Jambo la pili ni uzito wa puani, na hapa naomba unisome polepole kwa sababu ndipo modeli nyingi za Fokker hii zinapoharibikia. Ndege halisi ikiwa imejazwa kila kitu ilikuwa na kilo 586. Injini yake ya Oberursel, ile ya silinda 9 inayozunguka pamoja na propela, peke yake ilikaribia kilo 150. Yaani robo ya ndege nzima ilikaa mbele ya bawa, kwenye pua fupi mno. Ile pua ilikuwa fupi kwa sababu injini ilikuwa nzito. Wewe umechukua umbo lilelile, ukatoa injini, ukaweka mota inayotosha kwenye kiganja.

Piga hesabu. Uzito hupungua kwa kipimo kikizidishwa chenyewe mara tatu, kwa hiyo kwa 1/6 unagawa kwa 6 x 6 x 6, yaani 216. Kilo 586 zinakuwa kilo 2.7. Injini ya kilo 150 inakuwa karibu gramu 700. Je, ukijumlisha mota, propela, kidhibiti cha mota na betri, zote zinafika gramu 700, na zote ziko mbele ya bawa? Najua betri haiko mbele ya bawa, haiingii. Hilo pengo ndilo mkia mzito unaouhisi.

Weka risasi, ile metali nzito. Usiionee haya. Watu wanakesha wakipunguza gramu kwenye mbavu halafu wanakataa kuweka risasi puani, kisha wanashangaa ndege inapanda na kushuka kama inahema. Bawa zote tatu za ile halisi zilikuwa na eneo la mita za mraba 18.7, kwa hiyo yako ina kama nusu mita ya mraba. Hiyo ni bawa nyingi kwa ndege ya kilo 2 na nusu. Itaubeba uzito huo bila kulalamika. Ninavyofanya mimi, natengeneza silinda za maonyesho, zile zinazoonekana kwenye mdomo wa pua, kwa kitu kizito, na risasi nazungusha ndani ya kifuniko cha injini kwa gundi ya epoksi. Uzito unakaa mbele kabisa, kwa hiyo unahitaji kidogo kuliko ungeuweka karibu na betri. Kabla ya hapo, shuka nyuma: badilisha sevo za mkiani (zile mota ndogo zinazosogeza usukani na eleveta) zije katikati ya mwili na uzivutie usukani na eleveta kwa waya. Gramu moja unayoitoa mkiani inakuokolea gramu kadhaa za risasi.

Sasa kutua. Acha ule mtindo wa kugusa mkia na magurudumu pamoja. Ilete na mota ikiwa inazunguka, iguse kwa magurudumu mawili mkia ukiwa juu, na mota isikatwe hapo. Upepo wa propela ndio unaoufanya usukani uwe usukani. Punguza mota kidogo kidogo huku kidole chako kiko kwenye usukani, unarekebisha kabla jicho halijaona vizuri kwamba imeyumba. Mkia utashuka wenyewe kasi ikiisha. Mkia ukishagusa nyasi, ndipo vuta eleveta hadi mwisho uubane chini.

Na tua ukiikabili upepo kila mara. Marubani wa wakati ule hawakuwa na njia nyembamba ya lami. Walitua kwenye uwanja wa nyasi ulio wazi na kuchagua upande kulingana na upepo. Dr.I imezaliwa kwenye uwanja kama huo.

Kuhusu pua kuvutwa upande mwingine wa kona: eleroni ziko kwenye bawa la juu tu. Ile inayoshuka inakokota hewa kuliko inayopanda, na bila mkia wa wima usiosogea, kukokota huko kunashinda. Rekebisha rimoti eleroni ipande zaidi ya inavyoshuka, hata mara mbili. Kisha zoeza mkono kuanza kona kwa usukani, eleroni ifuate. Usichanganye usukani na eleroni kwenye programu ya rimoti, kwa sababu wakati wa kutua utauhitaji usukani peke yake na eleroni zikiwa zimetulia.

BawaLaKati

Nakubaliana na FundiMbavu kwenye uzito. Kwenye kuzunguka mimi ningeweka jairo ndogo kwenye usukani nimalize kazi. Inahisi mkia ukiyumba na kurekebisha kabla ya kidole chako. Wengi wanaorusha Fokker hii wanafanya hivyo na hawasemi.

Kwa swali la rangi: nyekundu tupu ni ya ndege moja kati ya 320 zilizotengenezwa. Hiyo ni yenye namba 425/17, ambayo Manfred von Richthofen, rubani maarufu wa Kijerumani, aliuawa nayo tarehe 21 Aprili 1918 karibu na Vaux-sur-Somme, Ufaransa. Hata yeye hakurusha nyekundu tupu wakati wote. Ya kwanza aliyopewa, 102/17, haikuwa nyekundu, na nyingine zilipakwa nyekundu sehemu tu. Katika ushindi wake 80 wa kuangusha ndege, ni 19 tu alioupata akiwa kwenye mabawa matatu. Watu wanadhani maisha yake yote aliishi humo.

Zilivyotoka kiwandani Schwerin zilikuwa na michirizi ya kijani cha zeituni iliyopigwa kwa brashi juu ya kitambaa, na chini rangi ya samawati iliyofifia. Juu ya hapo kila rubani aliongeza alama zake. Werner Voss alichora macho na mdomo kwenye kifuniko cha injini cha 103/17. Josef Jacobs aliipaka yake nyeusi. Hans Kirschstein alikuwa na mistari mieusi na mieupe ya kukatiza. Chagua mtu unayempenda, upake ndege yake.

TiaraNdefu

Asanteni sana wakuu. Hesabu ya 216 imenifungua macho. Nimepima vitu vyangu vya mbele vyote pamoja na betri: havifiki gramu 500, na nusu ya betri iko chini ya bawa la kati.

Voss nimempenda. Nilikuwa nalijua jina tu.

Maswali mawili. Jairo niweke au nisiweke? Na kuna mtu kaniambia mabawa ya Dr.I yalikuwa yanavunjika hewani. Je, hilo linahusu modeli, au ni historia tu?

FundiMbavu

Jairo weka ukitaka, ila iwe kwenye hali ya kuzuia kuyumba tu. Usiiweke kwenye hali ya kushikilia mwelekeo. Ikishikilia mwelekeo itapigana nawe kila unapotaka kukata kona, na ndege hii kona zake zote zinaanzia kwenye usukani. Mimi yangu naiunganisha na swichi: inawaka wakati wa kuondoka na kutua, hewani naizima. Nikiiacha iwashwe muda wote inaruka kama ndege nyingine yoyote, na mimi sikuijenga Fokker ili iruke kama ndege nyingine yoyote. Hilo ni pendo langu, BawaLaKati asinione mkaidi. Lakini jifunze kwanza kutua bila jairo siku upepo umetulia. Sevo ya usukani ikichelewa au jairo ikigeuziwa upande, utahitaji kidole chako kijue kazi.

Kuhusu mabawa, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Mwishoni mwa Oktoba 1917 rubani Mjerumani Heinrich Gontermann alikuwa anaichezesha Dr.I yake hewani, bawa la juu likavunjika, akaanguka na kufariki kwa majeraha. Muda mfupi baadaye rubani mwenzake Günther Pastor naye akafa namna hiyohiyo. Jeshi likazizuia zote kuruka. Walipozipasua wakakuta kazi ya kiwandani ilikuwa mbovu: unyevu uliingia ndani ya mabawa, gundi ikaachia, mbavu zikatengana. Fokker, mwenye kiwanda, akaamriwa arekebishe, na moja ya marekebisho ilikuwa kupaka vanishi kwenye mihimili na mbavu ili unyevu usipite. Hata hivyo tarehe 13 Machi 1918 Lothar von Richthofen, mdogo wake Manfred, alipata ajali bawa la juu lilipoharibika. Yeye alipona.

Kwa nini kila mara ni la juu? Mwaka 1929 huko Marekani, taasisi ya utafiti wa ndege ya NACA ilichunguza, ikaona kwamba bawa la juu linafanya kazi kubwa kuliko la chini, na kwenye mwendo mkubwa linaweza kubeba zaidi ya mara mbili yake. Wajenzi wa 1917 hawakuwa na takwimu hiyo. Gundi mbovu ilipokutana na bawa linalobebeshwa kuliko mengine, matokeo ndiyo hayo.

Sasa rudi kwenye meza yako. Bawa la juu la modeli nalo linabeba kuliko mengine, na ndilo lenye eleroni. Kwa hiyo mbao yako nzuri kuliko zote, ile yenye nyuzi zilizonyooka, iende kwenye mhimili wa bawa la juu. Jaza vipande vya balsa vilivyosimama kati ya mhimili wa juu na wa chini, nyuzi zikiwa wima, kutoka katikati hadi zilipo nguzo za pembeni. Za bawa la chini unaweza kuzipa mbao ya kawaida. Kisha paka vanishi nyepesi ndani kabla hujafunika kitambaa. Uzito wake ni gramu chache na utanishukuru. Modeli inayokaa stoo yenye unyevu inaachia gundi vilevile kama zilivyoachia zile.

Kuna kitu kimoja cha ile halisi ambacho modeli haina, na ni faida kwako. Injini ile ilizunguka yenyewe, silinda zote tisa, mhimili wake ukiwa umefungwa kwenye mwili wa ndege. Karibu kilo 150 za chuma zinazozunguka puani zilikuwa zinaisukuma pua pembeni kila rubani alipovuta au kusukuma eleveta, na kona ya kulia haikuwa sawa na ya kushoto. Yako itakata sawa pande zote mbili. Kwa hiyo usiogope kuikunja. Wanaosema ndege hii ni ya kupita taratibu mbele ya watazamaji hawaitendei haki. Ile halisi haikuwa na mwendo. SE5a ya Waingereza na SPAD XIII ya Wafaransa ziliiacha. Ilichokuwa nacho ni kupanda haraka na kugeuka ghafla.

Na kwa kuwa umempenda Voss, soma juu ya tarehe 23 Septemba 1917. Alikuwa na miaka 20. Alipambana peke yake na SE5a za Skwadroni 56 ya Waingereza, wengi dhidi ya mmoja, na kwa muda mrefu hawakuweza kumpata ilhali yeye alizipiga risasi ndege zao. Alikuwa na nafasi ya kukimbia kwa kupanda, akaendelea kupigana. James McCudden, aliyekuwa mmoja wa waliopigana naye, aliandika kwa heshima kubwa kuhusu urushaji wake. Aliporusha vile alikuwa kwenye 103/17, moja ya ndege mbili za majaribio, kabla Dr.I za kawaida hazijafika vitani. Ukipaka macho na ule mdomo puani, paka kwa mkono, na michirizi ya kijani ipige kwa brashi inayokaribia kukauka. Usitumie bunduki ya rangi, itatoka laini mno.

Mpepea

Nidakie kidogo. Kwa wengine wanaosoma ambao hawajawahi kujenga mabawa matatu: Sopwith Triplane ya Waingereza iliruka mwaka 1916, kabla ya Fokker, na ndiyo iliyowafanya Wajerumani watake ya kwao. Ina mkia wa wima usiosogea mbele ya usukani, na eleroni kwenye mabawa yote matatu. Kwa modeli inamsamehe mrushaji kuliko Fokker. Haina umaarufu wa rangi nyekundu, lakini kama mtu anataka kuanza na mabawa matatu, aanzie hapo.

TiaraNdefu

Nimeweka risasi, nikahamisha sevo zote mbili katikati. Inakaa sawa kwenye vidole sasa, pua ikielekea chini kidogo. Nimejaribu kutua kwa mota na mkia juu: inakwenda mbele kama gari. Upepo ulipokuja wa pembeni iliyumba, nikaiwahi kwa usukani. Jairo sijaweka.

Limebaki moja. Kile kibawa kidogo kilichofunika ekseli kati ya magurudumu kimepasuka tangu zamani, na waya za miguu zimepinda. Nikitoe nibakize waya tupu?

FundiMbavu

Usikitoe! Kile kibawa kwenye ndege halisi kilikuwa kinasaidia kubeba, na ukikiondoa ndege inaonekana kama imevuliwa viatu. Kijenge upya kwa plaiwudi nyembamba juu na chini, katikati balsa laini, na ukiache wazi kwa ndani ili ekseli ipite bila kubanwa. Hilo ndilo la muhimu. Kwenye ile halisi ekseli ilikuwa inaelea, imefungwa kwa kamba za mpira kwenye miguu, na mpira ndio uliomeza kishindo. Ukiiganda ekseli kwa gundi, kishindo chote kinapanda kwenye miguu, ndiyo maana waya zako zimepinda na kibawa kimepasuka.

Miguu ifanye ya waya wa chuma cha springi, milimita 3 inatosha kwa uzito wako. Acha nafasi ya ekseli kupanda kama sentimita moja. Zungusha mpira mara kadhaa kila upande, ukivuta sawasawa, kisha bonyeza ndege chini kwa mkono: magurudumu yote mawili yapande pamoja na yarudi pamoja. Upande mmoja ukiwa laini kuliko mwingine, ndege itavuta upande huo kila ikigusa, nawe utarudi hapa kuuliza kwa nini inazunguka. Mpira unachoka, kwa hiyo ubadilishe mara tu unapoona ekseli inakaa chini hata ndege ikiwa imesimama.